Gilde za michezo mu ensiklopedia: na sisi wa mashimo tutaandikwa wapi?

Hapa Mubambiro, ku barabara ya kwenda Sake, pale wanachajisha simu, vijana wako na gilde yao. Gilde ni kikundi cha kucheza pamoja mchezo wa Free Fire mu simu. Iko na mkubwa wake, msaidizi, jina, alama na kanuni. Asiyeonekana siku nyingi wanamufukuza. Jumapili moja walitukujia sisi wa sendika ya wachimbaji, juu wanasema tunajua kubishana na makaratasi. Swali lao: "Ba papa, gilde yetu inaweza kuandikwa mu Wikipedia?"

Tulicheka kwanza. Halafu tukaona kama swali lile linatugusa na sisi, pengine kuliko wao.

Wikipedia ilianza mwaka 2001, ya Kiswahili ikafuata 2003, na leo iko na makala zaidi ya 80,000. Kila mtu anaweza kuandika mule. Lakini si kila kitu kinabaki. Kanuni kubwa ni hii: jambo linapata makala kama watu wa nje, wasio wa kile kikundi, wamekwisha kuliandika kwa urefu mahali pa kuaminika, sawa gazeti, kitabu ao utafiti. Kujisifu hakuhesabiwe. Gilde inaweza kuwa na watu elfu moja, lakini kama mashahidi wote ni wenyeji wa gilde, hakuna ushahidi. Sisi kanuni ile hatuipingi. Hata mu kesi ya shimo, shahidi hawezi kuwa ndugu ya mwenye kudai.

Kwa hiyo vijana wa Mubambiro tuliwajibu: leo, hapana. Hawakufurahi.

Lakini kuna watu wanaokataa kwa sababu ingine. Wanasema ni mchezo tu, na mchezo hauna nafasi mu kitabu cha maarifa. Pale hatukubali, na sababu yetu inatoka mu historia ya migodi yenyewe.

Wazee walikuwa na gilde mbele ya simu. Ku pwani, Lamu na Mombasa, kuanzia miaka ya 1890, vijana waliunda vikundi vya ngoma ya beni. Walivaa sawa askari, walikuwa na mfalme na majenerali, mtaa ukashindana na mtaa. Wazungu wengi waliona ni kuwaiga tu. Ngoma ikasafiri na askari wa vita ya 1914, ikasafiri na watu wa kazi, mupaka ikafika ku migodi ya shaba, kule wakaiita mbeni. Mwezi wa tano 1935 wachimbaji wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, waligoma juu ya kodi iliyopandishwa. Ku Luanshya watu sita waliuawa kwa risasi. Tume ya serikali ya kikoloni ilipokuja kuuliza mgomo ulipangwa namna gani, jina la mbeni likatajwa. Sendika ya weusi ilikuwa haijakuwako bado. Kikundi cha ngoma njo kilikuwa na wakubwa, na nidhamu, na njia ya kupitisha habari toka kambi moja mpaka ingine.

Mwaka 1956 J. Clyde Mitchell alitoa kitabu juu ya ngoma ya kalela ya wafanyakazi wa kule kule, na 1975 Terence Ranger akaandika kingine juu ya beni, toka pwani mupaka bara. Sasa tuwaze mwandishi wa ensiklopedia wa mwaka 1930. Angeulizwa juu ya mbeni, angesema: ondoeni, ni watu wanacheza Jumapili. Kwa kanuni angekuwa na haki, juu hakukuwa na kitabu. Na angekuwa amekosa kitu kikubwa.

Gilde za leo nazo, kuna zile zilizokwisha kuvuka mchezo. Mu mchezo wa EVE Online, mwezi wa kwanza 2014, miungano ya wachezaji zaidi ya 7,000 walipigana karibu siku nzima, na merikebu zilizoharibika zilihesabiwa kuwa na thamani ya karibu dola 300,000 za kweli. Mwanzo wake? Ushuru wa eneo moja haukulipwa kwa wakati. (Mtu wa Masisi asishangae.) Na Sean Smith, mfanyakazi wa serikali ya Marekani aliyeuawa Benghazi tarehe 11 Septemba 2012, mule alijulikana kwa jina la Vile Rat, mjumbe wa kikundi cha Goonswarm, na wachezaji toka inchi nyingi walimulilia. Magazeti makubwa yaliandika. Mashahidi wa nje wako.

Ile inayotushika zaidi ni Yield Guild Games, iliyoanzia Ufilipino mwaka 2020. Mchezo wake wa kwanza mkubwa, Axie Infinity, ulidai mchezaji anunue kwanza wanyama wa ndani ya mchezo, na bei yao ilipanda mupaka maskini akashindwa. Gilde ikanunua wanyama, ikawakopesha vijana. Kijana anacheza, anapata sarafu ya mtandaoni, anabaki na asilimia 70. Anayemusimamia anachukua 20, gilde 10. Ilikuwa wakati wa Covid, kazi zilifungwa, watu wakaishi na ile.

Mtu wa mashimo hana haja ya kufasiriwa zaidi. Kwetu PDG wa shimo njo anatoa makuta ya pampu, mbao na chakula, creuseurs wanatoa mikono, na mwisho wanagawana mifuko. Tofauti ni kwamba mgawo wa Manila uliandikwa wazi, na wetu mara nyingi mchimbaji anausikia siku ya kugawana. Halafu, mwaka 2022, mambo yakaharibika kule: mwezi wa tatu wezi waliiba zaidi ya dola milioni 500 mu daraja la fedha la ule mchezo, na sarafu ikaanguka. Nani aliwatetea wale vijana? Walikuwa wachezaji ao wafanyakazi? Swali lile linataka makala ndefu mu ensiklopedia, na tena linataka sendika. Mwenye kufuta gilde zote juu ni michezo, anafuta kazi ya watu bila kujua.

Tena hatuwezi kujifanya wageni. Koltani ya kwetu inatoa tantali, na tantali inaingia mu vidude vidogo vya ndani ya simu na mashine za kuchezea. Mwaka 2000, simu zilipokuwa zinazidi na PlayStation 2 ilipotoka, bei ya koltani ilipanda mara nyingi kwa miezi michache. Watu wa Masisi na Walikale waliacha mashamba, wakapanda milima. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na mashamba yalikuwa yamelala.

Sasa tuangalie mizani. Anayetafuta habari ya milima yetu atakuta kwanza majina ya vikundi vya silaha, kimoja kimoja, na wakubwa wao, na tarehe zao. Atasoma kama Rubaya inatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia, na kama M23 waliichukua mwezi wa nne 2024. Vyote ni kweli na viandikwe. Lakini koperative ya wachimbaji, COOPERAMMA, ambayo mwaka 2013 ilipatana na kampuni yenye kibali cha milima ile kusudi watu wachimbe na kuiuzia madini, na mivutano yote iliyofuata, inatajwa kama mustari mmoja ndani ya habari ya mtu mwingine. Mlima ukianguka wakati wa mvua, hesabu ya wafu inaandikwa. Wale wafu walikuwa wa shimo gani, chini ya PDG gani, na mgawo gani? Hapana.

Ile si uonevu wa kanuni. Kanuni inauliza: nani wa nje amewaandika? Na anayekuja kwetu na kalamu, mara nyingi anakuja kuhesabu bunduki. Tena na sisi tuko na kosa letu. Madaftari yetu ya wanamemba yalikaa mu nyumba ya mtu mmoja. Siku ya kukimbia, mtu anabeba mtoto na godoro, daftari linabaki. Sendika ingine hapa haiwezi leo kuonyesha hata tarehe ilipoanza.

Wenzetu wamoja wanasema basi tujiandike wenyewe usiku mmoja, makala kumi, nani atajua. Tumekataa. Itafutwa, na jina letu litabaki la wadanganyifu. Njia ni ndefu: redio ya mtaa ihoji PDG na wachimbaji wake, mwanafunzi wa chuo mu Goma aandike kazi yake ya mwisho juu ya mgawo wa mifuko, gazeti sawa hili, na kwa Kiswahili tu, lichapishe habari ya koperative siku ambayo hakuna mtu amekufa. Wikipedia inakubali chanzo cha luga yoyote, mradi ni cha kuaminika na si cha mwenyeji.

Vijana wa gilde tuliwarudilia na neno ingine. Wao wanajua kuandika haraka na vidole viwili, sisi hatujui. Wamekubali, kila Jumapili wakimaliza mchezo, kukaa saa moja na wazee wa mashimo waliobaki hapa, kuandika majina, miaka na mgawo, na kuweka nakala mu simu tatu tofauti. Yale hayatakuwa makala. Yatakuwa kitu cha kumuonyesha mwandishi wa nje siku atapita. Walituomba kitu kimoja: ndani ya daftari, ukurasa wa mwisho, iandikwe na gilde yao, tarehe ilipoanza na majina ya wachezaji wa kwanza. Tumeandika.