Kila Kata Itapata

Kuna maneno mawili ambayo sisi wa huku mwisho wa daladala tukiyasikia redioni, moyo unaingia baridi. Maneno yenyewe ni "kila kata". Kila kata itapata kituo cha afya. Kila kata itapata sekondari. Kila kata itapata mifuko kadhaa ya saruji, madawati kadhaa, siku moja ya greda. Anayetangaza ana nia njema, na kwa anayesikiliza kwa mbali mgawo ni wa haki kabisa, mkate umekatwa vipande vinavyolingana. Vipande vinalingana kweli. Walaji ndio hawalingani.

Tuanze na jiji letu lenyewe. Tulikuwa Manispaa ya Ilala mpaka Februari 2021, halmashauri ya jiji ya zamani ilipovunjwa. Tukalala manispaa, tukaamka Jiji la Dar es Salaam. Jiji hili lina kata 36, na sensa ya 2022 ilitukuta tuko 1,649,912. Ukigawa sawasawa, kila kata ingekuwa na watu kama 45,800 na diwani wao mmoja. Lakini watu hawakujipanga hivyo. Sensa ya 2012 iliikuta Kivukoni na watu wasiofika 7,000, Gerezani wasiofika 8,000, na Majohe imeshapita 80,000. Kivukoni diwani mmoja, Majohe diwani mmoja. Baraza la Madiwani likikaa, bajeti ikisomwa, wakaambiwa wanaoafiki wanyooshe mikono, mkono wa huyu na mkono wa yule ni kura moja moja. Ina maana mtu mmoja wa Kivukoni alikuwa anasikika ukumbini kama watu kumi na ushei wa Majohe. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Imekuwa hivyo, basi, na tumeizoea kama tulivyozoea vumbi.

Kati ya sensa hizo mbili wilaya yetu iliongezeka watu zaidi ya laki nne. Walikokwenda kulala tunakujua, maana ndio majirani zetu. Ni waliouza kibanda cha urithi Buguruni wakagawana na ndugu, waliohamishwa mabondeni, vijana waliochoka kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wastaafu waliotaka sehemu ya kufugia kuku. Walinunua vipande vya 20 kwa 20 Chanika, Zingiziwa, Msongola, Kivule, wakaanza na chumba kimoja na bati za kuazima, wakahamia kabla ya madirisha. Mtaa uliokuwa na mikorosho sasa una misikiti mitatu, makanisa manne na saluni zisizo na idadi. Kata yetu bado ni ile ile.

Tuwe wakweli, na wa mjini wana hoja yao. Kivukoni, Kisutu na Kariakoo usiku watu ni wachache, lakini mchana sote tuko huko. Ni sisi tunaoteremka pale alfajiri na ndoo za samaki, mabegi ya ofisini, mabunda ya mitumba. Taka tunazitupa kule, vyoo tunatumia vya kule, barabara tunazichakaza za kule. Diwani wa katikati ya jiji anabeba mzigo wa watu ambao hawampigii kura, na ushuru unaoendesha halmashauri unatoka kwa wingi madukani kwake. Hilo tunalikubali bila ubishi. Lakini jioni tunarudi. Mtoto huugua usiku wa manane, na usiku wa manane yuko huku, kilomita ishirini na kitu kutoka Posta, barabara ina makorongo na bodaboda anataka hela yake kwanza.

Ndiyo maana "kila kata" inatuuma. Mwaka 2007 Serikali ilipoanza mpango wa maendeleo ya afya ya msingi, ule tuliouita MMAM, lengo lilikuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kabla yake ilikuwa sekondari za kata, na hizo zimesomesha watoto wengi ambao wazazi wao wasingeota ada ya shule nyingine. Hatuna neno baya juu ya mpango wowote kati ya hiyo. Ila kituo cha afya kimoja kwa watu 8,000 ni kituo cha afya, na kituo cha afya kimoja kwa watu 80,000 ni benchi. Nenda siku ya kliniki ukaone. Mama anafika saa kumi na moja alfajiri na kanga yake begani, anaandika jina kwenye daftari la hiari lililoanzishwa na waliomtangulia, anakuta yeye ni wa 64. Saa nne jua linaingia barazani, benchi zima linasogea upande wa kivuli kwa pamoja, na hakuna anayesahau alikuwa nyuma ya nani.

Ofisini ni hivyo hivyo. Unataka barua ya utambulisho, labda ya benki, labda ya kumdhamini mdogo wako polisi, labda ya kitambulisho cha taifa ambacho herufi moja ilikosewa. Mtendaji wa mtaa ni mmoja, ameitwa kwenye kikao kata. Mtendaji wa kata ni mmoja, ameitwa kwenye kikao jijini. Afisa maendeleo ya jamii ni mmoja, na vikundi vyote vinavyoomba ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 vinamsubiri yeye. Akina mama wamekaa na katiba ya kikundi ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Hatuwalaumu. Ni watu wanaokula mchana saa kumi na moja jioni. Mwenyekiti wetu wa mtaa anatembea na muhuri kwenye mkoba, na tumeshawahi kugongewa barua msibani, juu ya goti la mwombolezaji.

Halafu kuna mipaka yenyewe. Mpaka wa mtaa wetu na wa jirani ulifuata mfereji wa mvua, na mfereji wa mvua haujui sheria, kila masika unahama. Mwaka juzi mama mmoja muuza chapati alikwenda kuomba barua.

"Mama, wewe uko mtaa gani?"

"Si hapa hapa, baba. Miaka tisa."

"Kuanzia kwenye mwembe ule ni ng'ambo. Nenda ng'ambo."

Akaenda ng'ambo. Huko akaambiwa jina lake halimo kwenye daftari la wakazi, arudi alikotoka. Nyumba yake ina kibao cha namba tangu ule mwaka wa operesheni ya anwani za makazi, 2022, na kibao kinasema mtaa wa kwanza. Kibao hakina muhuri. Barua aliipata wiki ya tatu, na benki wakamwambia imepita siku.

Mei 2025 tulipata habari njema. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8, mawili yakiwa ya mkoa wetu: Kivule kutoka Ukonga, na Chamazi kutoka Mbagala. Tulifurahi, na haki ni haki, jimbo lilikuwa limefura. Katiba inataka majimbo yaangaliwe walau kila miaka 10. Lakini mbunge yuko Dodoma sehemu kubwa ya mwaka, na shida zetu nyingi hazifiki Dodoma, zinaishia kwenye kalvati. Kalvati tunalipeleka kwa diwani. Taa ya njia, choo cha soko, ukuta wa shule, hayo yote yanapita kwa diwani. Jimbo limekatwa vipande viwili juu ya vichwa vyetu, na chini, tulipo, kata yetu imebaki nzima kama jiwe la msingi.

Njia ya kuikata ipo. Ombi linaanzia mkutano wa mtaa, linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, linapanda Baraza la Madiwani, linapita wilayani, linapita kamati ya ushauri ya mkoa, ndipo lifike TAMISEMI. Kila ngazi inataka muhtasari na mahudhurio. Na kila kata mpya ina gharama zake, ofisi, mtendaji, posho ya diwani, sanduku la kura, na tunaelewa kuwa fedha haziokotwi. Tunachoomba ni kuhesabiwa kwa vichwa. Kama kata haiwezi kukatwa mwaka huu, basi mgawo ufuate watu. Madawati yafuate watoto, manesi wafuate wajawazito, greda lifuate urefu wa barabara.

Mkutano wa mtaa tuliuitisha Jumapili, baada ya ibada, chini ya mwembe ule ule. Watu walikuja mpaka wengine wakakaa juu ya tofali za jirani anayejenga. Mtendaji alikuwa na karatasi za mahudhurio za kuandika majina 200, akazipitisha, tukawa tunaandika kwa zamu, jina, namba ya nyumba, simu, sahihi. Nilikuwa safu ya nyuma na kalamu yangu mkononi. Karatasi ziliisha kabla hazijanifikia.