Mifugo ya Nyumbani: Mnyama Naye Ana Saa Yake

Katika nyumba nyingi za Kamina na vijiji vyake, mbuzi ndiye akiba ya familia. Karo ya mtoto ikidaiwa, au mgonjwa akipelekwa hospitali, mbuzi huuzwa. Kwa hiyo mbuzi akikataa majani jioni moja, nyumba nzima hufadhaika, na mara nyingi fedha hukimbilia dukani kununua dawa kabla mtu hajauliza: Je, mnyama huyu ana homa kweli?

Wasomaji wapendwa, joto la mwili wa mnyama halikai mahali pamoja mchana na usiku. Mbuzi mzima huwa na digrii 38.5 hadi 39.5 hivi. Joto hilo hupungua karibu na alfajiri, hupanda polepole mchana, na hufikia kilele chake alasiri au jioni, ingawa mnyama hana ugonjwa wowote. Tofauti yaweza kuwa nusu digrii, na huzidi maji yanapokosekana. Kwetu Kamina, penye mwinuko wa mita 1,100 hivi, usiku wa kiangazi una baridi na alasiri ina jua kali. Basi mfugaji wa huku hana budi kuangalia sana jambo hili.

Wala si jua peke yake lifanyalo hivyo. Mnyama akiwekwa gizani siku kadhaa, joto lake huendelea kupanda na kushuka kwa muda wa karibu saa 24. Ndani ya mwili mna saa. Kwa wanyama wanyonyeshao, saa iliyo kuu imo katika ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, na mwanga uingiao machoni huirekebisha kila siku. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kufumbua siri ya saa hiyo. Nao waliichunguza katika inzi wadogo wa matunda!

Kuku naye huitii saa yake. Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa. Kwa hiyo kuku hutaga leo asubuhi, kesho akachelewa kidogo, kesho kutwa akachelewa tena, kisha akapumzika siku moja na kuanza upya. Mama wa nyumba asimchinje kwa siku hiyo moja: kuku hakuharibika. Wafugaji wengine huongeza taa ili kuku wapate mwanga wa saa 14 hadi 16, kwa maana kwetu mchana ni wa saa 12 hivi tu, na kati ya Juni na Desemba hutofautiana kwa saa moja. Lakini taa isiwake usiku kucha. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 huagiza kuku wa mayai wapewe giza lisilokatizwa, kama theluthi moja ya siku. Kiumbe kisicholala hakistawi.

Basi tufanyeje? Kwanza, mpimeni mbuzi angali mzima, asubuhi na jioni, kwa siku chache, mkaandike hesabu katika daftari. Kazi hii yawafaa sana wanafunzi. Pili, akionekana mgonjwa, mpimeni na mlinganishe asubuhi na asubuhi, jioni na jioni. Digrii 39.5 za jioni zaweza kuwa desturi yake; lakini hizo hizo za alfajiri, kwa mbuzi ambaye kwa kawaida huamka na 38.6, ni onyo. Tatu, mwonyesheni daktari wa mifugo daftari hilo, wala msingoje kipimajoto kisemapo vema huku mnyama anahara, anakohoa au hawezi kusimama.

Dawa iliyotolewa bure humaliza fedha, hubaki katika maziwa na nyama tunayokula, na huwazoesha vijidudu hata wasiiogope tena siku ya haja. Mungu aliyeweka mchana na usiku aliwapa wanyama nao kipimo chao. Katika amri ya Sabato hata ng'ombe na punda walikumbukwa wapate kupumzika. Mwenye mifugo na aijue saa yao kabla hajafungua mfuko wake.