Mgonjwa Aliyeitwa Mtoro
Barazani, na Maalim Idrisa Mwakipesile

Yuko bibi mmoja auzaye viazi katika soko la Mwanjelwa, ambaye kwa muda wa miaka sita kiuno hakijampa usiku mmoja wa raha, na ambaye, baada ya picha na vidonge vya kila namna, aliandikiwa karatasi ya kumwona mwanasaikolojia. Akaenda mara mbili, ya tatu hakuonekana, na jina lake, kwa istilahi ya kliniki zetu, likatiwa katika orodha ya watoro.

Nilipomwuliza sababu, alijibu kwa staha: "Maalim, mimi naumwa kiuno, wao wanataka kunipeleka Mirembe."

Mirembe iko Dodoma, wala hakuna aliyemtajia. Lakini jina la hospitali ile limekwisha kuwa jina la wazimu wenyewe, na aambiwaye akatibiwe nafsi kwa ajili ya maumivu ya mwili hufahamu, bila ya kufasiriwa, kwamba ameshukiwa uongo. Utoro wake, kwa rai yangu, ulianzia mezani pa daktari.

Ilhali elimu yenyewe haimshuku. Tangu mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipoeleza kwamba katika uti wa mgongo mna mfano wa lango lipitishalo au lizuialo habari za maumivu, na kwamba ubongo, pamoja na hofu na huzuni zake, hushiriki kulifungua na kulifunga, imedhihirika kuwa maumivu ya kweli kabisa yaweza kutulizwa kwa kuzoeza fikira na mwendo. Tiba hiyo haiahidi kuyaondoa. Humrudishia mtu kazi yake na usingizi wake. Bibi huyu aliambiwa tu apunguze mawazo.

Wako wasemao kwamba watu wetu hawana subira. Mwaka 2011 maelfu walilala njiani kuelekea Samunge, Loliondo, kutaka kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kikombe sikisifu; lakini kule hakuna aliyeulizwa kama kweli anaumwa, na safari ilikuwa moja. Tiba ya nafsi hutaka mgonjwa arudi wiki baada ya wiki, na kila kurudi ni nauli, na meza isiyo na mwuzaji.

Kliniki yake ni Jumanne, siku ile ile lori la viazi lishushapo, na achelewaye huachiwa magunia yaliyooza. Aliniuliza mimi, nisiye tabibu, kama Alhamisi haiwezekani.