BIBIE WA GOBA, MACHOZI YA MTOTO WA DARASA LA NNE SIO KIKI!

Wadau, klipu mmeiona. Kama hujaiona basi bando limekata. Staa mmoja wa kike (jina kapuni) mwenye mjengo wake Goba, njia ya Kinzudi, kamrekodi mwanaye wa darasa la nne akilia sebuleni, ripoti ya shule mkononi. Dogo kawa wa 38 kati ya 41. Mama yuko nyuma ya kamera anacheka: "Hao watatu uliowapita walikuwa wanaumwa?" Mtoto akajifunika uso na ile ripoti. Mama akaivuta ili sura ionekane vizuri.

Laiki kama zote. Mastaa wenzake wakaishea, komenti zikajaa "mama umeuaaa".

Sasa rudieni hapo alipovuta ripoti. Mtoto wa miaka tisa au kumi kapatwa na aibu, kinga pekee aliyokuwa nayo ni kikaratasi, na aliyemnyang'anya ni mama yake mzazi. Jumatatu akapanda basi la shule na wenzake ambao wengi wanashika simu za mama zao kabla hata ya kupiga mswaki. Hapo unategemea nini?

Na hilo basi lenyewe ni stori nyingine. Watoto wa Goba wanaosoma mbali wanaokotwa alfajiri, kwingine hata saa kumi na moja haijafika. Gari linazunguka Kinzudi, Matosa, Kulangwa, kila geti linapiga honi, mpaka linaikuta foleni ya lami. Mtoto anaingia darasani kachoka kama konda aliyemaliza tripu za Mbagala. Jioni tuisheni, usiku homuweki. Halafu anaulizwa kwa nini kawa wa 38! Aliyemuuliza amelala saa ngapi ni nani?

Kinachochekesha, wenye mitihani yao wameshashtuka zamani. Januari 2023 NECTA walitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora, waliona halina tija. Sasa NECTA wameacha, Bibie ndio anaanza, tena yeye anatangaza wa mwisho.

Mwaka huohuo Wizara ya Elimu ikatoa waraka wa kufuta bweni kuanzia awali hadi darasa la nne. Lengo watoto wadogo walale kwao, walelewe na wazazi. Darasa la nne ndio huyuhuyu. Yaani kapewa nafasi ya kukaa na mwanaye kila jioni, naye jioni hiyo kaitumia kuwasha kamera.

Timu Bibie wanajibu kwamba mtoto ni wake, na kwamba "enzi zetu tulichapwa na tukawa watu". Haya, tuongee fimbo. Kanuni za viboko mashuleni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, ruhusa itoke kwa mwalimu mkuu, na iandikwe kwenye kitabu. Hata fimbo ina daftari! Klipu ina daftari gani? Kila anayeiangalia anachapa chake na kwenda zake. Na hiyo ya "mtoto ni wake", Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtweza mtoto, haijasema mama yake anaruhusiwa.

Tusimuonee Bibie peke yake, maana na shule zina yao. Zipo zinazosoma nafasi mstarini kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na wa mwisho anapigiwa makofi ya kejeli. Mwalimu wa unasihi kwenye karatasi yupo, ila ndiye huyohuyo mwenye vipindi vya Hisabati madarasa matatu. Mtoto aende kumwambia saa ngapi kwamba nyumbani wazazi hawaongei?

Na wala hakuhitajiki mradi wa wafadhili. Mwalimu anaweza kuuliza kabla ya kufungua kitabu nani hajala, nani hajalala. Mtoto akafundishwa kusema "nimekasirika" kabla hajamng'ata mwenzake. Mzazi akapokea ripoti, akaisoma, akauliza "somo gani limekusumbua?", akaikunja na kuiweka kabatini. Dakika tano, wala haimalizi bando.

Bibie alivyoona upepo umegeuka kaposti tena juzi. Kamnunulia dogo raba mpya, kaandika "Tumeyamaliza, mama na mwana", na chini kabisa namba ya duka la raba. Ile klipu ya kwanza hajaifuta. Kwenye picha mpya mtoto kashika boksi la raba, kainamisha kichwa, haangalii kamera.