Tanga na Haki Yake katika Muziki wa Pwani

Mtu aulizapo asili ya tarabu, aghalabu huelekezwa Unguja, kwenye kasri ya Sultani Barghash na chama cha Ikhwani Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905. Na aulizapo habari za dansi, huelekezwa Dar es Salaam. Majibu hayo ni sahihi, wala sina nia ya kumnyang'anya mwenye sifa sifa yake. Lakini uko mji wa tatu, Tanga, ambao katika miaka ya 1960 uliozesha tarabu na dansi, na wazao wa ndoa hiyo wakaenea pwani nzima, hata wengi wanaowacheza leo hawajui walikozaliwa. Jambo hilo laniuma, na kwa insafu yapasa lisemwe.

Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893, na mwaka huo huo Mdachi Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge iliyotoka Florida. Mambo mawili hayo, yasiyo na harufu ya muziki hata kidogo, ndiyo yaliyoweka msingi wa yote yaliyofuata. Kwa kuwa mashamba yalidai mikono mingi kuliko ya wenyeji, wakaja manamba kutoka Unyamwezi na kusini, na hata kutoka nje ya mipaka, kila taifa na ngoma yake, wakakutana na Wadigo, Wasegeju na Wabondei, na Waarabu na Wahindi wa mjini. Ithibati imo katika jina: bendi mashuhuri ya Jamhuri Jazz hapo kwanza iliitwa Young Nyamwezi. Ilishindana na Atomic Jazz kwa ari iliyougawa mji, na katika Jamhuri ndimo walimopita ndugu Wilson na George Kinyonga, ambao baadaye walihamia Arusha, kisha Nairobi, wakaunda Simba Wanyika, ambayo Wakenya waliipenda kama yao.

Katika mji uliojaa magitaa namna hiyo, isingewezekana tarabu ibaki ilivyokuwa. Black Star Musical Club, badala ya kutegemea kanuni, nai na safu ya fidla kama ilivyokuwa ada ya Unguja, walishika gitaa la umeme na besi, wakaupa wimbo mwendo wa rumba, pasipo kuyavunja mashairi yake wala kuyapunguzia heshima mafumbo yake. Na mbele ya vyombo hivyo akasimama Shakila binti Said, ambaye sauti yake nyembamba, iliyonyooka, isiyo na haraka, ilimfanya msikilizaji ayasikie maneno kabla ya kuusikia mdundo. Kwangu mimi hiyo ndiyo fadhila kubwa ya shule ya Tanga: iliongeza vyombo bila kulizamisha shairi, jambo ambalo tarabu ya kelele ya siku hizi imelisahau. Lucky Star, alikokwenda Shakila baadaye, waliiendeleza njia hiyo hiyo, nayo Mombasa ikaipokea.

Kisha nyuzi za viwandani zikaivunja bei ya mkonge, na mji ukapungukiwa na fedha zilizowalisha wanamuziki. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia ya kwenda Nairobi, kulikokuwa na studio na mitambo ya santuri, ikazibika. Shakila mwenyewe aliishia kuimba Dar es Salaam, na akafariki mwaka 2016. Nyimbo za Black Star na Lucky Star zilipokusanywa tena na kuuzwa ulimwenguni, aliyefanya hivyo alikuwa mchapishaji wa London.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad wa Unguja, aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Natamani kwa moyo wote Shakila naye apate kalamu ya daraja hiyo, maadamu wapo hai waliopiga naye. Na kazi ya kumwandalia mwandishi huyo nyenzo zake isingoje fedha nyingi. Kanda za iliyokuwa Redio Tanzania zimo Dar es Salaam: nakala za nyimbo za Tanga zipelekwe Tanga. Maktaba ya mkoa itenge chumba kimoja, wazee wa Jamhuri, Atomic na Black Star waitwe wahojiwe mwaka huu huu, na wenye santuri majumbani waombwe kuziazima zinakiliwe, kila moja ikiandikiwa jina la mtunzi, mwimbaji na wapigaji wake.