Mpangaji aliyemfungia nje mwenye nyumba

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi mwenye kukodi kompyuta katika seva ya kampuni nyingine amelazimika kumwamini mwenye seva. Programu inayosimamia mashine ndiyo inayowagawia wapangaji kumbukumbu, na ikitaka yaweza kusoma kila kilichomo, ziwe nywila au taarifa za wagonjwa.

Mwaka 2016 kampuni ya AMD ilitangaza SEV, teknolojia inayosimba kumbukumbu ya kila mashine pepe kwa ufunguo wake. Hiyo haikutosha. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walionyesha, katika shambulio walilolipa jina SEVered, kwamba msimamizi asiyeweza kusoma ukurasa wa kumbukumbu anaweza kuuhamisha tu, na mashine yenyewe ikamtolea siri.

Ndipo mwaka 2020 ikaelezwa SEV-SNP, ambayo hutunza daftari la kila ukurasa na mmiliki wake. Kuanzia hapo hitilafu ya kumbukumbu ikabadilika sura. Zamani lilikuwa jambo la kawaida: msimamizi huleta ukurasa uliokosekana, kazi ikaendelea. Sasa yaweza kuwa dalili ya wizi. Linux iliyo ndani ya mashine ikikuta ukurasa ambao haujathibitishwa, hujizima. Wapo watakaouona huo kuwa ukali uliopita kiasi, hasa kwa huduma isiyotakiwa kulala. Mwandishi huyu hakubaliani nao, kwani kuuthibitisha ukurasa uleule mara ya pili ni kukubali uliobadilishwa kwa siri.

Upande wa mwenye seva hatari ni nyingine, nayo haisemwi sana. Mpangaji mkorofi akiomba ukurasa wa pamoja ugeuzwe wa faragha wakati seva bado inauandikia, prosesa hukataa. Kiini cha mfumo kikianguka kwa sababu hiyo, wapangaji wote huanguka nacho. Linux 6.8 ya mwaka 2024 ilileta guest_memfd, utaratibu unaoiondoa kabisa kumbukumbu ya faragha mikononi mwa programu za kawaida za seva.

Hata hivyo, Desemba 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Leuven, Lübeck na Birmingham walitangaza BadRAM. Kwa vifaa vya takriban dola 10 waliifanya kadi ya kumbukumbu idanganye ukubwa wake, wakalipita daftari lenyewe bila hitilafu yoyote kutokea. AMD ilitoa marekebisho.