Mvua Isitupangie Nauli

Mkazi wa Ongata Rongai anayefanya kazi Nairobi hulala katika kaunti moja na kutafuta riziki katika nyingine. Ndivyo alivyo pia mkazi wa Ruaka, wa Kitengela, wa Ruiru na wa Mlolongo. Matatu yake huvuka mpaka wa kaunti bila kupunguza mwendo. Kinachokwama mpakani ni pesa. Kajiado hukusanya zake, Kiambu zake, Machakos zake, Nairobi zake, na hakuna kapu la pamoja la kumhudumia abiria ambaye kaunti hizi zote zinamtegemea.

Hoja yangu ni moja. Kaunti 5 za eneo la jiji kuu, yaani Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, zitoze kodi ndogo ya ardhi kwa ajili ya usafiri wa umma, na kodi hiyo iingie katika mfuko mmoja unaolindwa na sheria. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 10 katika kaunti hizi. Huu ni umati mkubwa mno kuachiwa bahati ya stejini.

Najua nitakavyojibiwa: kodi tena? Kizazi changu ndicho kilichojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha hadi ukaondolewa. Kwa nini sasa kijana huyo huyo aje na kodi mkononi?

Kwa sababu kodi ya usafiri tunailipa tayari, ila haina risiti. Jina lake ni mvua. Asubuhi nalipa shilingi 100 kwenda chuoni. Jioni wingu likitanda, makanga anatangaza 200, na nikibisha ananionyesha foleni ndefu iliyo nyuma yangu. Mwenzangu mmoja darasani ameacha kuhudhuria vipindi vya jioni msimu wa mvua, kwa kuwa nauli ya kurudi nyumbani ingekula chakula chake cha kesho. Hiyo ni kodi inayomkamua maskini kuliko tajiri, haikupitishwa na bunge lolote, na haijengi hata kibanda cha kumkinga abiria.

Sasa tuulize ni nani anayefaidika na usafiri bila kuulipia. Lami ikifika mtaani na matatu zikianza kupita, bei ya ploti hupanda. Matangazo ya mawakala hayafichi: ploti hii iko dakika chache tu kutoka barabara kuu. Thamani hiyo haikuletwa na jasho la mwenye ploti. Imeletwa na barabara ya umma na abiria wanaoitumia kila siku. Hata hivyo, kwa karibu miaka 40 Nairobi ilitoza kodi ya ardhi kwa kufuata orodha ya thamani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ardhi ilipanda bei mara nyingi huku orodha ikisinzia. Mpangaji, kwa upande wake, hulipa mara mbili: anamlipa mwenye nyumba kwa kuwa karibu na stendi, kisha anamlipa makanga.

Watasema mwenye nyumba atamsukumia mpangaji mzigo huo. Atajaribu, bila shaka. Lakini kodi inayotozwa ardhi yenyewe humfikia pia anayeifungia ploti yake waya na kungoja bei ipande. Huyo hana mpangaji wa kumsukumia. Itamlazimu ajenge au auze, na nyumba zikiongezeka, mpangaji ana pa kuhamia.

Wazo la kumtoza anayefaidika si geni duniani. Tangu 1971 waajiri wa eneo la Paris, Ufaransa, hulipa kodi ya usafiri inayokadiriwa kwa mishahara ya wafanyakazi wao. Mantiki yake ni nyepesi: basi linalomfikisha mfanyakazi kazini linamhudumia pia bosi wake. Kwetu, ambako wengi hawana ajira yenye hati ya mshahara, ardhi ndiyo isiyoweza kujificha.

Sheria nayo haitufungi mikono. Katiba ya 2010, Ibara ya 209, inazipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali isiyohamishika. Ibara ya 189 inaziruhusu kuunda mamlaka za pamoja. Ibara ya 207 inaacha nafasi kwa sheria ya Bunge kutenga fedha fulani zisiingie katika mfuko wa kawaida wa kaunti. Kinachokosekana ni nia.

Mwaka 2017 iliundwa mamlaka ya usafiri ya eneo hili, NaMATA. Ilipewa kaunti 5 za kuhudumia, lakini haikupewa kodi yake yenyewe. Njia za mabasi ya kasi zikapewa majina ya fahari: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Mwaka 2018 mistari myekundu ikachorwa Thika Road. Rangi ikafifia, mabasi hayakuja. Simba asiyelishwa hawindi, na chombo kinachongoja mikopo ya nje hakiwezi kupanga safari ya kesho.

Kila kaunti ikijiamulia peke yake, anayeumia ni abiria. Desemba 3, 2018, Nairobi ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Wazee na wajawazito wakatembea kwa miguu, na amri ikasitishwa upesi. Waliotoka Kikuyu au Ngong hawakuwa na kura ya kumwajibisha gavana aliyewatembeza.

Hofu ya wizi ni ya haki, nami ninayo. Kwa hiyo kodi hii iwe na masharti. Hesabu zibandikwe hadharani kila baada ya miezi 3. Abiria na wafanyakazi wa matatu wapate viti katika bodi. Kodi iwe na tarehe ya kufa, na isipoleta mabasi isifufuliwe.

Wala sitaki matatu zifukuzwe. Mfuko uingie mkataba na sako za matatu, uzilipe kwa kilomita zinazosafiri kwa ratiba, si kwa vichwa zinavyovibana. Dereva anayelipwa hivyo hana sababu ya kungoja gari lijae wala ya kukimbizana kama mwendawazimu. Na wingu likitanda, nauli inabaki ile ile.

Magavana 5 wakae meza moja, na wabunge waandike sheria. Sisi vijana tuliothubutu kuikataa kodi mbaya tusione haya kuidai iliyo njema.